Gunia la Mchele na Ng'ombe Kumi na Wanane

Wapo watu wengi wanaoamini kwamba historia ni habari za wafalme, majemadari na mapanga. Ukiwaambia kuwa Wajapani ni hodari wa michezo ya televisheni ya kihistoria, mara moja humwona akilini mpanda farasi mwenye upanga mrefu na nywele zilizofungwa kisogoni. Hawakosei sana. Shirika la Utangazaji la Japani, NHK, limekuwa likitengeneza michezo mirefu ya namna hiyo tangu 1963, na wenyeji huisubiri kama sisi tunavyosubiri mvua za masika. Lakini mchezo wa Kijapani uliopata watazamaji wengi kupita yote haukumhusu jemadari. Ulimhusu mtoto wa kike wa mkulima maskini, ambaye silaha yake ya kwanza ilikuwa mbeleko ya kumbebea mtoto wa tajiri. Jina lake ni Oshin.

Nataka kuzungumza habari za watu waliomtengeneza Oshin, kwa sababu naona wanatuhusu sisi wa Tarime na Serengeti kuliko tunavyodhani.

Mchezo huo ulianza kuonyeshwa tarehe 4 Aprili 1983, ukamalizika tarehe 31 Machi 1984. Ulikuwa na sehemu 297, kila sehemu dakika 15, Jumatatu hadi Jumamosi, saa mbili na robo asubuhi, wakati ambapo mama wa nyumbani amekwisha kuondoa vyombo vya kifungua kinywa. Ukijumlisha zote unapata zaidi ya saa 74. Kwa wastani zaidi ya nusu ya nyumba zilizopimwa zilikuwa zikiutazama, na siku ya kilele zilikaribia 63 katika kila 100. Wapo watazamaji waliotuma mchele na fedha kwa shirika ili apelekewe yule mtoto, ingawa walijua vema kwamba ni mchezo tu.

Hadithi yenyewe ni hii. Oshin amezaliwa mwaka 1901, mwaka uleule aliozaliwa Mfalme Hirohito, katika jimbo la Yamagata kaskazini mwa Japani. Baba yake analima shamba la mtu mwingine na sehemu kubwa ya mavuno inakwenda kwa mwenye ardhi. Nyumbani wanakula wali uliojazwa figili ili kiasi kidogo cha mchele kionekane kingi. Bibi mzee wa nyumba hiyo anajinyima hata hicho kidogo, maana kila tonge analokula yeye ni tonge ambalo mjukuu amelikosa. Oshin anapotimiza miaka saba, baba yake anampeleka akatumike kwa mfanyabiashara wa mbao kwa mwaka mmoja, na ujira wake ni gunia moja la mchele. Anashushwa mto Mogami juu ya chelezo, theluji ikiwa imefunika kila kitu, wazazi wakibaki ukingoni. Kutoka hapo tunamfuata kwa zaidi ya miaka 70: utumwa wa jikoni, ususi Tokyo, tetemeko kubwa la ardhi la 1923, mama mkwe asiye na huruma, biashara ya samaki, vita, msiba, na mwishowe maduka makubwa kadhaa.

Aliyeandika sehemu zote 297 ni mtu mmoja, Sugako Hashida. Alizaliwa mwaka 1925 mjini Seoul, Korea ilipokuwa ikitawaliwa na Japani. Mwaka 1949 aliingia kampuni ya filamu ya Shochiku, katika idara ya waandishi ambako mwanamke alikuwa kitu kigeni. Baadaye aliacha kazi hiyo akaanza kuiandikia televisheni. Mwaka 1981 aliandika mchezo wa mwaka mzima kuhusu Nene, mke wa Toyotomi Hideyoshi, mmoja wa watawala mashuhuri katika historia ya Japani. Yaani alichukua habari ambazo kila mtoto wa shule wa Kijapani anazijua, akazisimulia akiwa ameketi upande wa mke. Hapo msomaji unaweza kuona alikokuwa akielekea.

Mbegu ya Oshin ilitoka mahali pawili. Kwanza, baada ya Vita Kuu ya Pili, Hashida akiwa bado binti, alifika Yamagata na huko akasikia habari za wasichana wadogo waliokuwa wakishushwa mtoni juu ya vyelezo kwenda utumishini. Habari hizo zilimkaa moyoni miaka mingi. Pili, alipokuwa mwandishi mwenye jina, aliletewa barua ya mwanamke mzee, mzaliwa wa enzi ya Meiji iliyokwisha mwaka 1912, aliyesimulia jinsi alivyotolewa nyumbani akiwa mtoto ili wengine wale. Hashida alitambua kwamba wanawake wa umri ule wanakufa mmoja mmoja, na kila mmoja anaondoka na kitabu kizima ambacho hakikuandikwa. Wazo lake halikupokewa mara moja. Aliambiwa kuwa hadithi za Meiji hazina watazamaji. Japani ya wakati ule ilikuwa imeshiba, na aliyeshiba hapendi kukumbushwa njaa.

Mtayarishaji wa mchezo huo alikuwa Yukiko Okamoto, mwanamke pia. Muziki ulitungwa na Koichi Sakata. Oshin mwenyewe alichezwa na watu watatu: Ayako Kobayashi, mtoto wa miaka kumi hivi, Yuko Tanaka, aliyembeba Oshin katika ujana wake na utu uzima, na Nobuko Otowa, aliyemcheza uzeeni. Huyu Otowa alikuwa mchezaji mkongwe. Mwaka 1960 alionekana katika filamu iitwayo Kisiwa Kitupu, ambamo mume na mke wanapandisha maji mlimani kwa ndoo, siku baada ya siku, karibu bila kusema neno. Mwanamke yeyote wa Mugumu aliyepata kutafuta maji wakati wa kiangazi angeifahamu filamu hiyo bila mkalimani.

Katika orodha hiyo ya watu, naomba tuitazame kazi moja ambayo haitajwi sana: ya wale waliowafundisha wachezaji lahaja ya Yamagata. Familia ya Oshin haisemi Kijapani cha Tokyo. Inasema kama wakulima wa kule walivyosema. Wakuu wa televisheni wangeweza kuogopa kwamba watu wa mjini hawataelewa. Walichagua ukweli wa sauti, na watu wa mjini wakatega masikio.

Mwaka huo wa 1983, sisi wa Tanzania Bara hatukuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa nacho tangu mwanzoni mwa miaka ya sabini. Bara tulisubiri hadi 1994. Na hata tungekuwa nacho, sijui nani angekuwa na nafasi ya kukaa mbele yake. Ulikuwa mwaka wa vita dhidi ya wahujumu uchumi, vilivyoongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine. Sabuni, sukari, chumvi na khanga vilikuwa bidhaa adimu, na kwetu Tarime macho yote yalielekea mpaka wa Sirari. Sehemu ya mwisho ya Oshin ilionyeshwa siku 12 kabla ya Sokoine kufariki katika ajali ya gari, tarehe 12 Aprili 1984. Kila taifa lilikuwa na kilio chake. Ninataja tarehe hizi ili msomaji aone kwamba wakati Wajapani walioshiba walipokuwa wakilia kwa kutazama wali wa figili, sisi tulikuwa tukila unga wa yanga bila mtu wa kutuandika.

Mimi nilimwona Oshin miaka kadhaa baadaye. Japani imekuwa ikileta vijana wa kujitolea nchini mwetu tangu 1967, na mmoja wao alifundisha sayansi katika shule niliyokuwa nikifundisha, wilayani Tarime. Nyumbani kwao walimtumia kanda za video zenye maandishi ya Kiingereza chini. Shule ilikuwa na jenereta, na Jumamosi jioni, mafuta yakiwepo, walimu na jamaa zao tulikusanyika kutazama. Ilinipasa mimi kuwatafsiria wengine, kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kikurya kwa ajili ya bibi yangu, mama yake baba, aliyekuwa amekuja kukaa kwangu apate kutibiwa miguu.

Tulipofika kwenye chelezo, bibi aliniuliza swali ambalo sijapata kulisoma katika uchambuzi wowote wa mchezo ule.

"Mume wangu," akasema, maana ndivyo alivyoniita kama mabibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wa kiume, "huyu ametolewa kwa ng'ombe wangapi?"

Nikamwambia si ng'ombe, ni gunia moja la mchele.

"Moja?"

"Moja, bibi. Kwa mwaka mmoja."

Akanyamaza. Mtoto wa kwenye kioo alikuwa akimlilia mama yake. Kisha bibi akasema, bila kumlenga mtu, "Mimi nilikuwa kumi na wanane. Na si kwa mwaka mmoja."

Bibi yangu hakuwa Mkurya wa kuzaliwa. Alikuwa Mngoreme, kutoka ng'ambo ya pili ya Mto Mara, upande ambao leo ni wilaya ya Serengeti. Mto huo unatoka Kenya, unapita katika hifadhi, unatenganisha wilaya zetu mbili, kisha unakwenda kumwaga maji yake katika Ziwa Viktoria. Wangoreme na Wakurya wamekuwa wakioana na kunyang'anyana mifugo tangu enzi. Bibi alivushwa mto huo kwa miguu wakati wa kiangazi, maji yakiwa kiunoni, mjomba wake akitangulia kupiga maji kwa fimbo ili kufukuza mamba. Siku chache kabla yake, ng'ombe 18 walikuwa wamevuka kuelekea kwao. Hawakukaa sana zizini kwa baba yake. Waliondoka tena kwenda kumwolea kaka yake mke. Nilijua tangu utoto kwamba bibi alitoka ng'ambo, lakini habari za mamba na za mkokoto wa ng'ombe nilizipata kwa mara ya kwanza usiku ule, kwa sababu ya mtoto wa Kijapani.

Ni lazima niseme kwa haki. Mahari si mshahara, wala mwali si mtumishi. Mtu aliyekua katika mila zetu anajua kuwa ng'ombe wale walifunga koo mbili, walimpa mwanamke mahali pa kuheshimiwa, na walihalalisha watoto wake. Anajua pia kuwa mwanamke wa Kikurya asiye na mtoto wa kiume aliweza, kwa desturi ya nyumba ntobhu, kutoa mahari mwenyewe na kuoa mke ili apate warithi wa nyumba yake. Mgeni anayetazama kutoka nje huona biashara tupu. Haioni heshima iliyomo.

Walakini, mwenyeji naye ana upofu wake. Yeye huona heshima tupu. Haoni msichana wa miaka kumi na mitatu au kumi na minne aliyesimama ukingoni, ambaye hakuulizwa. Kaka yake bibi alipata mke kwa ng'ombe wale. Wana wa kaka huyo wapo, na wajukuu wao wapo, ni ndugu zangu ninaowapenda. Ukoo mzima umesimama juu ya siku ile ya mtoni. Mzee mmoja akiulizwa asili ya ukoo huo, atakutajia wanaume saba kwa majina, na atasema bibi "aliolewa ng'ambo". Maneno mawili.

Hapa ndipo ninapomheshimu Hashida kama fundi. Baba yake Oshin si mwovu. Angekuwa mwovu, mtazamaji angemchukia na mambo yakaisha. Ni mtu aliyebanwa na kodi ya shamba na vinywa vingi, na uamuzi wake wa kumtoa mtoto ni uamuzi ambao jirani zake wote wangeufanya. Mwandishi anakulazimisha kumwelewa, halafu hakuruhusu kumsamehe upesi. Hata Oshin hakufanywa malaika. Wakati wa vita anaona biashara ya mumewe inanenepa kwa kuuzia jeshi, naye ananyamaza. Kisha vita inamnyang'anya mwana wake wa kwanza, na baada ya kushindwa mumewe anajiua kwa aibu ya alichokiunga mkono. Aliyedhulumiwa utotoni anashiriki, kwa kimya chake, katika dhuluma ya nchi yake. Tungo za kumsifu mama hazithubutu kusema jambo kama hilo.

Mchezo huo ulisafiri sana. Ulionyeshwa katika nchi nyingi za Asia, Mashariki ya Kati na kwingineko, na kila watu waliukata kwa kipimo chao. Nchini Iran ulionyeshwa miaka ya themanini, wakati wa vita na Iraki, ukapewa jina lenye maana ya miaka ya mbali na nyumbani. Duka la familia ya Oshin liliitwa Tanokura, kwa jina la mumewe. Wairani wakalichukua jina hilo, wakalitamka kwa namna yao, Tanakura, na mpaka leo ndilo neno lao la nguo kuukuu zinazouzwa sokoni. Maana yake ni kwamba mitumba yetu ya Sirari, ikivuka bahari mpaka Tehran, itaitwa kwa jina la ukoo wa Kijapani uliobuniwa na mwanamke mmoja mezani kwake.

Lakini katika safari hiyo kuna jambo lililopotea. Watu wengi, Japani kwenyewe na ng'ambo, waliuchukua mchezo kuwa ni wimbo wa kusifu uvumilivu. Oshin akawa kielelezo: tazama alivyoteseka bila kunung'unika, nawe fanya hivyo. Naamini huko ni kuusoma mchezo kichwa chini. Mwandishi aliyetumia saa 74 kuonyesha gharama ya uvumilivu hakuwa akiomba uendelee. Mchezo unaanza na Oshin mzee, tajiri, akitoroka nyumbani siku ambayo familia inafungua duka lake la 17. Anarudi alikotoka kutafuta ni wapi alipopotea njia. Mtu anayeridhika na uvumilivu wake hatoroki siku ya sherehe.

Jambo hili si la wachambuzi wa michezo peke yao. Mwaka uliofuata, nilikaa katika kikao cha ukoo ambapo habari za binti wa ndugu yangu mmoja ziliwekwa mbele. Alikuwa amemaliza darasa la saba na amechaguliwa kwenda sekondari. Posa ilikuwa imeletwa, na kaka wa binti yule alikuwa amefikia umri wa kuoa. Msomaji wa Mara haihitaji nimweleze zaidi. Wazee walizungumza kwa upole, kwa methali, hakuna aliyepandisha sauti. Mmoja wao akasema neno ambalo nimelisikia katika vikao vingi tangu hapo: "Mbona bibi zetu walivumilia, na tazameni, ukoo umejaa."

Bibi yangu alikuwa ameketi mkekani pembeni, karibu na mlango, mahali pa wanawake. Hakuombwa kusema. Akasema, "Nilivumilia kwa sababu sikuulizwa. Msinitaje katika hili."

Kikao kilikaa kimya. Hawakubishana naye, maana alikuwa mkubwa kwa wote mle ndani, na hawakumkubalia. Mazungumzo yakahamia kwenye mpaka wa shamba. Binti alikwenda shule mwezi uliofuata. Baba yake aliuza mafahali wawili kwa ada na sare. Sisemi ni kwa sababu ya mchezo wa Kijapani, wala sisemi ni kwa sababu ya sentensi ile ya bibi peke yake, kwa kuwa mama wa binti naye alikuwa na sauti yake nyumbani. Ninachosema ni kwamba nilisikia jinsi historia inavyotumika. Uvumilivu wa wanawake waliokufa unageuzwa kuwa kamba ya kuwafungia walio hai. Na anayeweza kuikata kamba hiyo ni mwenye uvumilivu wenyewe, akipewa nafasi ya kusema alivyouona. Sheria nazo zimejongea: mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18 vinapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakazia hukumu hiyo. Lakini sheria haikai mkekani wakati wa kikao. Hadithi inakaa.

Je, sisi hatuna mafundi wa kuitengeneza? Tunao, na njia yao tunaijua. Mwaka 1968, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipelekwa vijijini kusini kukusanya kumbukumbu za wazee walioona Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Mwaka uliofuata ukatoka mchezo wa Kinjeketile wa Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, ambao bado unasomwa mashuleni. Mwaka 1979 M. M. Mulokozi akatoa Mukwava wa Uhehe. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kutangaza Twende na Wakati, na watu wakaufuata mchezo huo wa redio mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba Mtanzania hana subira ya hadithi ndefu. Kinachokosekana ni viwili hivi kuunganishwa: utafiti wa historia na hadithi ndefu ya nyumbani, mwenye kusimuliwa akiwa mtu ambaye hakuwa kiongozi wa vita.

Huku kwetu kazi ya kwanza imekwisha kuanza. Mwanahistoria Jan Bender Shetler alifanya utafiti wake katika wilaya ya Serengeti na jirani zake miaka ya tisini, na mwaka 2003 kilitoka kitabu cha historia zilizosimuliwa na wenyeji wenyewe, watu wa Ikizu, Ikoma, Nata, Ishenyi, Ngoreme na Watatiro. Mwaka 2019 alitoa kitabu kingine kinachoangalia kumbukumbu za wanawake wa Mara. Hilo la pili lina maana yake. Ukiuliza historia katika vijiji vyetu unaelekezwa kwa wanaume, nao watakueleza chimbuko la ukoo na njia za kuhama. Wanawake wamebeba historia nyingine: nani alitoka wapi kuolewa wapi, njaa ipi iliwapeleka kwa shemeji yupi, mtoto yupi alizaliwa njiani. Ni historia ya kuvuka mito. Na Wanata wenyewe husimulia kwamba mtu wao wa kwanza wa kiume alikuwa mwindaji, na wa kwanza wa kike alikuwa mkulima. Nusu ya asili yao ilikuwa na jembe mkononi.

Basi nimejaribu kuwaza kundi ambalo lingetengeneza mchezo wa mwanamke wa Mara aliyezaliwa, tuseme, mwaka 1920. Mwandishi mmoja mwenye subira, na bora awe mwanamke, atakayeanza kwa kusikiliza na si kwa kuandika. Mshauri wa historia anayejua kuhesabu miaka kwa marika, maana bibi zetu hawasemi 1938, wanasema rika fulani lilipotahiriwa. Walimu wa lugha wawili au watatu, kwa kuwa Kingoreme si Kikurya, na Kikurya cha Bukira si kile cha Bunyabasi, na mwali anayevuka mto husikika kwa lafudhi yake mpaka uzeeni. Mtunzi wa muziki anayeweza kuliacha litungu liseme peke yake kwa nyuzi zake nane, bila kulizamisha katika kelele za vyombo vya umeme. Watatu wa kumcheza: mtoto, mama, bibi. Mahali pa kupigia picha hapana haja ya kupajenga. Mto Mara upo, vilima vya Tarime vyenye migomba na kahawa vipo, na mbuga zile zilizofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951 bado zina majina ya mahame ambayo wazee wa Ikoma na Nata wanayakumbuka.

Mtu ataniambia kuwa fedha hazipo. Ni kweli kwamba NHK hulipwa na ada ya kila nyumba yenye televisheni, nasi hatuna mfuko wa namna hiyo. Walakini fedha huingia katika kazi hii hatua ya tatu au ya nne. Hatua ya kwanza ilikuwa barua, na barua ile iligharimu karatasi na stempu. Ya pili ilikuwa masikio ya mtu aliyeiamini. Hatua hizo mbili hata shule ya sekondari ya kata inaziweza. Mwanafunzi wa kidato cha pili akitumwa likizo kwa bibi yake na daftari moja, na swali moja, "ulivuka mto gani kuja hapa?", atarudi na kitu ambacho hakuna maktaba duniani iliyo nacho.

Sugako Hashida alifariki tarehe 4 Aprili 2021, akiwa na umri wa miaka 95, siku na mwezi uleule ambao Oshin alianza kuonekana miaka 38 nyuma. Bibi yangu alitangulia zamani, kabla ya mwaka 2000. Katika miezi aliyokaa kwangu alinijazia madaftari matatu. Dada yake mdogo, aliyeolewa palepale Ngoreme, aliishi miaka kadhaa zaidi, akanijazia la nne, na humo yapo mambo yanayopingana na aliyoyasema dada yake: ng'ombe kwake si 18 bali 16, na aliyepiga maji kwa fimbo si mjomba bali baba mwenyewe, ambaye alivuka mpaka ng'ambo ya pili, akamweka binti yake mchangani, akarudi majini bila kugeuka.

Sikuyasahihisha. Ameolewa kwa 16 au 18, mwandishi atakayekuja ataamua. Atahitaji pia kuamua kama yule baba alikuwa akilia, maana dada wote wawili walisema hawakumwona uso.